Kona Tupu ya Juu Kulia

Kona ya juu kulia ya tovuti yangu haina kitu. Nyeupe pee, kama sahani ya mgeni aliyekula akaramba. Kila anayejua mambo ya kompyuta huikodolea macho na kuniuliza kama nimesahau kuijaza. Sijasahau. Nimeiacha hivyo makusudi, na nitaiacha hivyo hata aje mtu na lori la noti, alimwage mlangoni kwangu hapa Mafiga, na dereva abaki anapiga honi mpaka betri imwishie.

Tovuti yenyewe ni ya bei za mboga. Najua, haina mvuto. Wenzangu niliosoma nao masomo ya jioni waliota kufungua tovuti za muziki, za mitindo, za kutafutia watu wachumba. Mimi nikafungua ya nyanya. Walicheka mpaka taa za darasa zikayumba.

Kwenye kompyuta nilifika kwa njia ya kuzunguka. Nilikuwa mshonaji kiwandani, miaka ile viwanda vya serikali vilipokuwa vinabinafsishwa kimoja baada ya kingine. Chetu kilipobinafsishwa na mimi nikabinafsishwa nacho: tajiri mpya alibaki na mashine, mimi nikabaki na mwili wangu. Nikarudi shule, masomo ya jioni, nikiwa na umri ambao siku ya kwanza mwalimu aliniamkia shikamoo, akidhani nimekuja kumfuata mwanangu. Nikamaliza kidato cha nne, nikaongeza cheti cha kompyuta, na mwisho nikapata kazi ya kusimamia chumba cha intaneti karibu na stendi ya Msamvu. Wasafiri waliokuwa wakisubiri mabasi ya bara waliingia kusoma barua pepe zao, mimi nikiwafungulia na kuwafungia. Nilichapa kwa kasi ambayo vumbi la vibonye lilikuwa likitua Kingolwira, nje ya mji.

Wazo la nyanya si langu, ni la mjomba. Kwetu Uluguru ukoo unafuata mama, kwa hiyo kaka wa mama si ndugu wa kuonana naye sikukuu tu. Akikohoa yeye, dawa unatafuta wewe. Mjomba analima nyanya Mlali, na pembeni ana kiduka cha sabuni, chumvi na maneno. Kila msimu malori ya wanunuzi yalikuwa yanafika kwao asubuhi, mnunuzi anashuka na uso wa msiba, anasema, "Jamani, mjini nyanya zinaoza, hata mbuzi wamezikataa." Wakulima wanaogopa, wanauza kwa bei ya huruma. Na mimi, asubuhi hiyo hiyo, nilikuwa nimewaona sokoni mjini akina mama wakigombea nyanya kama zinatibu ndoa.

Siku moja mjomba alikuja Msamvu akiwa amepitia sokoni. Aliketi kwenye benchi langu bila kuitikia shikamoo yangu, jambo ambalo halijapata kutokea tangu milima iumbwe.

"Hicho kidude chako," akasema hatimaye, akiielekezea kidevu kompyuta, "kinaweza kusema bei?"

"Kinaweza kusema chochote, mjomba."

"Basi kiseme kabla hawajafika."

Kabla hawajafika. Hiyo ndiyo tovuti yangu nzima. Yaliyobaki ni rangi na mapambo. Kukipambazuka nilikuwa sokoni, nauliza bei ya tenga la nyanya, kabichi, karoti za kutoka milimani. Wauzaji walinizoea, wakawa wananipokea kwa maneno: "Mwandishi wa habari za bilinganya huyo!" Kisha mbio Msamvu, naziandika kabla wateja hawajaingia. Ningeweza kumtumia mjomba ujumbe wa simu, lakini ujumbe ni wa mtu mmoja, na mimi nilitaka bei zionekane Mgeta, zionekane Matombo, zionekane hata na mnunuzi wa Dar es Salaam, ajue kwamba tunajua.

Mjomba naye alinunua simu yenye intaneti. Kwa Mlali ya wakati ule mtandao ulikamata vizuri mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya duka lake. Mzee wa watu alikuwa anapanda kichuguu kila asubuhi na kanzu yake, simu kaiinua kama anapima mvua. Akishapata bei anashuka, anaziandika kwa chaki kwenye ubao mbele ya duka. Wakulima wanasoma, wasiojua kusoma wanasomewa. Lori likifika na uso wake wa msiba, linakuta watu wamekunja mikono.

"Mjini nyanya zinaoza..."

"Zinaoza kwa bei hii hapa," wanamwonyesha ubao.

Nasema kweli, mwaka ule Mlali waliezeka mabati hadi mabanda ya kuku.

Lakini tovuti haikai hewani kwa baraka za mjomba. Ina ada yake ya kila mwaka, kama chumba cha kupanga. Usipolipa, unatupiwa vyombo nje. Bosi wangu wa chumba cha intaneti aliniruhusu kutumia kompyuta, ila ada ilikuwa juu yangu. Akanipa ushauri. Kuna kampuni huko ng'ambo, akasema, unabandika kamstari kao ka maagizo ya kompyuta kwenye kona, matangazo yanakuja yenyewe, na kila mtu akibofya tangazo, wewe unaingiziwa chochote. "Utakuwa umelala, hela zinaingia." Nikabandika, kona ya juu kulia.

Asubuhi yake likatokea tangazo la matairi ya kuendeshea kwenye theluji. Kesho yake, bima ya mbwa. Simu ikalia, mjomba yuko kichuguuni.

"Mpwa wangu, huyu mbwa aliyevaa sweta ni wa nani?"

"Ni tangazo, mjomba."

"Anauzwa?"

"Hapana. Wanauza bima. Akiugua, analipiwa hospitali."

Nikasikia upepo wa Mlali. "Mbwa," akasema mjomba, kwa sauti ya mtu ambaye zahanati yake haina dawa ya kikohozi. Akakata.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa ile kona. Kampuni ilikuwa inahesabu vidole. Mjomba hakubofya hata siku moja. Alinieleza kwamba kubonyeza kitu usichotaka kununua ni kumsumbua mwenye duka, na yeye mwenye duka anaijua karaha hiyo. Na ubao wa chaki haukuhesabiwa popote. Watu wote wale waliokunja mikono mbele ya lori, kwa kampuni ile walikuwa mzee mmoja juu ya kichuguu, tena asiye na faida. Mwenye tovuti ya udaku, iliyosomwa na watu wasio na haja nayo, alikuwa tajiri kuliko mimi. Kadiri nilivyofaa ndivyo nilivyozidi kuwa maskini.

Jirani yangu Mafiga akasikia habari hizi. Huyu mama ni mwenyekiti. Usiniulize wa nini. Wa kila kitu. Hakuna harusi, msiba wala kipaimara mtaani kwetu kilichopita bila yeye kushika kiti na kuitisha michango. Watu wakimwona anakuja na kalamu sikioni wanajifungia ndani, na yeye anaongea nao kupitia dirishani.

"Kwa hiyo, shoga, mchango wenyewe ni kidole tu?" akaniuliza.

"Ndiyo, lakini..."

"Lakini nini? Watu hapa wamechangia ng'ombe, watashindwa kidole?"

Nikamweleza kwamba masharti ya kampuni yanakataza mwenye tovuti kuwaomba watu wabofye.

"Wewe umeomba? Hujaomba. Kamati ndiyo imeamua. Mwenye shughuli huwa haombi mwenyewe, anaombewa. Hao wazungu hawajui adabu hiyo?"

Jumamosi moja, mchana kweupe, kamati ikaingia chumba cha intaneti Msamvu kwa sare za vitenge. Wamelipia kiti kama mteja yeyote, ningewafukuzaje? Mmoja mmoja akaketi mbele ya kompyuta ile ile, mwenyekiti akimshika mkono na kumwelekeza, na kila mmoja, kabla ya kubofya, alitamka kama anavyotamka ukumbini: "Kwa niaba ya familia yangu." Anabofya. Vigelegele. Bwana mmoja akabofya, akainuka, akarudi akabofya tena kwa niaba ya mkewe aliyekuwa safarini Kilosa. Wasafiri waliokuwa wakisubiri basi la Dodoma waliuliza harusi ni ya nani, wawili wakachangia. Nilicheka, na machozi yalinitoka. Kiwanda kizima hakikuwahi kunipigia kigelegele hata kimoja.

Baada ya siku chache kampuni ikaniandikia. Akaunti yangu imefungwa kwa sababu ya mibofyo ya kutiliwa shaka, yote kutoka mashine moja. Na kila nilichokuwa nimechuma tangu mwanzo, kimezuiwa.

Nikawajibu. Niliandika kwa Kiingereza changu cha masomo ya jioni, Kiingereza chenye suti na tai, nikaeleza mchango ni nini, kamati ni nini, na kwamba watu wale hawakuwa wezi bali majirani. Jibu lilikuja kabla sijapepesa macho: barua ile ile, neno kwa neno. Nikaandika tena. Barua ile ile. Kiwandani nilifukuzwa kazi na mtu, na alau mtu yule aliniangalia usoni akaona haya kidogo. Huku hapakuwa na uso wa kuuonea haya. Mwenyekiti alipopata habari alitaka anuani yao ili kamati iende kuwaona.

Ada ya mwaka ikawa inakaribia, na ndipo akatokea bosi wa nyanya.

Huyu alikuwa mwenye malori, mnunuzi mkubwa kuliko wote waliokuwa wakija Mlali. Mtu mcheshi, mwenye kicheko cha kutikisa madirisha, na alikuja Msamvu na kreti la soda. Alitaka picha ya lori lake ikae kwenye kona yangu. Tangazo la kweli, la mtu wa hapa hapa, hakuna kubofya, hakuna theluji. Alilipia msimu mzima, na akaahidi kwamba ada ya mwaka unaofuata ataibeba yeye. Nikaweka lori. Lilipendeza, lina maua ubavuni. Mjomba alilitazama kutoka kichuguuni akauliza swali moja tu: "Tangu lini fisi akatundika picha yake zizini?"

"Mjomba, ni tangazo tu."

"Haya."

Nyanya zilipokolea rangi, bosi alirudi. Mara hii bila soda.

"Dada yangu, kazi yako nzuri sana. Ila bei unaziweka mapema mno."

"Mapema kivipi, bosi?"

"Unajitesa bure. Alfajiri yote hiyo sokoni, mwanamke mzima! Kunywa chai kwanza. Ukimaliza chai yako, kama saa nne hivi, ndiyo uweke. Sikuambii uongo uandike. Bei ni ile ile, hubadilishi hata senti."

"Saa nne malori yako yanakuwa yameshatoka Mlali."

"Enhe."

"Na watu watakuwa wameshauza."

Akacheka kile kicheko chake, nikaona hata nzi wametoka nje. "Dada, kwani ile kona ni ya nani?"

"Umeilipia wewe."

"Basi mimi nimemaliza." Akanipiga piga begani kama mtu anayekagua tikiti maji, akaondoka.

Nilikaa na maneno yale mchana kutwa huku nikiwafungulia watu barua pepe zao. Kwa kweli hakuniomba uongo. Hata kanisani mtu angeweza kuungama jambo hilo akaambiwa hana dhambi. Lakini bei ya saa nne kwa mkulima wa Mlali ni sawa na mwavuli uliofunguliwa mvua imeshakata. Nikaona pia jambo ambalo sikuliona kwa kampuni ya mbwa. Wale hawakujali kabisa nilichoandika. Huyu alijali kupita kiasi. Na wote wawili walikuwa wamesimama mahali pamoja, kati yangu na yule mzee wa kichuguuni. Kona niliyoiuza haikuwa ya juu kulia. Nilikuwa nimeuza ile "kabla hawajafika."

Basi nikafanya hivi. Kesho yake nilikwenda sokoni mapema zaidi, mapema ambayo majogoo walinisindikiza wakilalamika. Nikaweka bei. Kisha kwa mkono wangu mwenyewe nikaling'oa lori, maua na vyote.

Saa tatu bosi akapiga simu. "Dada, lori langu liko wapi?"

"Limerudi gereji, bosi."

"Unacheza na mimi? Ada utalipa na nini? Utakula nini wewe?"

"Nyanya," nikamjibu, nikakata kabla sauti haijaniangusha.

Ndiyo, ada sikuwa nayo. Siku ya mwisho ilipopita, tovuti ikazimwa, na mahali pake pakatokea ukurasa wa kigeni wenye maandishi makubwa kwamba jina hili linauzwa. Mjomba alipanda kichuguu kama kawaida yake. Kuna mwalimu wa Mlali aliyemtafsiria. Simu ikanilia, na sauti ya mjomba, ambayo siku zote huvuta maneno kama inapandisha mzigo mlimani, siku ile ilikuwa fupi.

"Umeuza?"

"Sijauza, mjomba! Wamenifungia, sijalipa."

"Bosi wa malori anapita anasema mpwa wangu ameshanunuliwa. Na mimi nimeona kwa macho yangu."

Hakuna tusi nililowahi kutukanwa likaniuma kama neno "umeuza". Nikawa namtumia bei kwa ujumbe wa simu, naye akaziandika ubaoni kama kawaida, ila watu waliziangalia kwa jicho la pembeni. Bei ile ile, chaki ile ile, lakini imani imetoka. Malori yakaanza tena kuondoka yamejaa nyanya za bei ya huruma.

Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda gari la Mlali, nikaenda kusimama mbele ya ubao. Wakulima walikuja. Mwenyekiti wangu wa Mafiga naye alikuja, hakualikwa na mtu. Mkutano wowote akiunusa anahudhuria. Nikasema yote: kampuni, mbwa, vidole, lori, chai ya saa nne. Waliposikia ya chai, minong'ono ikaanza nyuma.

Mama mmoja mkulima, ana tenga kichwani wala hakulishusha, akauliza, "Kwa hiyo muda wote huu tulikuwa tunasoma bure?"

"Bure, mama."

"Na hiyo bure alikuwa anailipa mwenye lori?"

"Mwishoni, ndiyo."

"Aa! Sasa hiyo siyo bure, mwanangu. Hiyo ni mkopo, anakuja kuudai shambani kwangu." Ndipo akalishusha tenga, akalisukuma kwa mguu mpaka karibu na ubao. "La kwangu hilo. Wewe kauze mjini, bei unaijua."

Mwenyekiti alikuwa ameshachomoa kalamu sikioni. "Jamani, sikilizeni! Mara hii hakuna kidole! Nyanya, kuku, maharage, chochote kinachobebeka. Kidole kibaki nyumbani!"

Sitawadanganya kwamba palijaa kama sikukuu. Wengine waliangalia pembeni, wengine wakakumbuka wameacha sufuria motoni. Mjomba aliingia dukani, akatoka na jogoo wake mwekundu, yule aliyekuwa anatisha hadi wanafunzi wa shule ya jirani, akaniwekea mikononi. Jogoo alinidonoa safari nzima mpaka Msamvu. Nilivumilia, nilikuwa nimesamehewa.

Tovuti ikarudi, kona ikiwa tupu, na ndivyo inavyoendeshwa mpaka leo: kila msimu wa mavuno mwenyekiti anapanda Mlali na kalamu yake. Msidhani ni raha. Wakati mwingine kinachopatikana hakitoshi, na masika moja barabara ilipokatika tulikaa gizani wiki kadhaa. Na wenye tovuti ni wengi sasa, kila mmoja na mdomo wake.

"Mimi nimetoa kuku, kabichi imeshukaje?"

"Imeshuka sokoni, baba, siyo kwangu."

"Basi ongea nao!"

Nafokewa sokoni, nafokewa stendi, nafokewa hata kwenye foleni ya zahanati. Lakini wananifokea hadharani, kila mtu anasikia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia nichelewe.

Majuzi mtandao wa Msamvu ulikufa tangu alfajiri. Bei nilishampa mjomba kwa simu, na ubao ulikuwa umeshaandikwa. Nikawa nimekaa tu, mbele ya kompyuta isiyo na kazi, nimeagiza chai na kitumbua. Simu ikalia. Kicheko nilikifahamu, ingawa kilikuwa kimepungua upana.

"Dada yangu! Shikamoo, ya utani hiyo. Mbona leo bei sizioni? Vijana wangu wako Mlali, wakulima wamekunja mikono, wanataja bei yao, na mimi sijui nijibu nini."

Nikapuliza kikombe polepole, asikie.

"Nakunywa chai, bosi," nikamwambia. "Subiri saa nne."